Ungemtunza wapi? Mwongozo kamili wa kuwafanya wapenzi wa taarab asilia na kidumbak wazungumze na wahakiki mtandaoni

Mtu wa Unguja hana upungufu wa maneno juu ya taarab. Kaa barazani Malindi au Mkunazini baada ya sala ya Isha, mtaje mwimbaji mmoja tu, halafu usubiri. Huyu atakwambia sauti imechoka. Yule atasema fidla za siku hizi zinapigwa kama zinawahi boti ya Dar. Na mzee aliyekuwa kimya na kikombe chake cha kahawa ataumaliza ubishi kwa kukumbusha nani alikuwa anapiga udi wakati huo. Wakusanye watu haohao kwenye kundi la WhatsApp, watupie wimbo, na utakachopata ni "Mashaallah", moyo mwekundu, na stika ya paka anayelia.

Nimeendesha makundi mawili ya namna hiyo. La kwanza nilimwingiza kila niliyekuwa na namba yake, na haukupita muda likajaa matangazo ya vitenge, dawa za presha na salamu za Ijumaa. Siku moja nilituma wimbo nilioutafuta miezi miwili. Chini yake mtu akauliza nani anauza pampu ya maji. La pili liko hai mpaka leo. Haya ninayoandika yametoka kwenye tofauti ya makundi hayo mawili. Nazungumzia taarab asilia na kidumbak, muziki wa ngoma ndogo na fidla wa kuchezwa arusini, kwa kuwa ndio uwanja wangu, lakini aliye Pemba na ngoma zake, kibati au msewe, atabadilisha majina ya ala tu, njia ni ileile.

Kwanza: uhakiki tunao, ila hatuuandiki

Fikiria tuzo. Kwenye taarab, iwe Ngome Kongwe au ukumbi wa arusi, mwanamke aliyeguswa na wimbo hapigi makofi tu akakaa. Anasubiri. Beti zinapita, anasubiri. Mshororo wake unapofika anainuka, anakwenda taratibu na noti mkononi, anamtunza mwimbaji palepale kwenye neno lile, na pengine njiani anamtupia mtu jicho. Ukumbi mzima umeshasoma: amechagua mshororo gani, na kwa nini. Hajafungua mdomo, lakini ametoa hukumu ya wimbo yenye ushahidi, na ameilipia.

Kwa hiyo unapofungua kundi usiwaombe watu "waandike uhakiki". Neno hilo linawakumbusha mtihani wa skuli, nao watakimbia kama walivyoukimbia mtihani. Waulize jambo wanalolifanya tangu utotoni: *ungemtunza kwenye mshororo upi, na kwa nini hapo?* Swali hili peke yake ndilo lililolipa uhai kundi langu la pili. Mtu aliyekuwa mgumu wa kuandika hata salamu aliandika mistari saba kueleza kwa nini angengoja mpaka ubeti wa tatu.

Pili: uwanja uwe mdogo

"Muziki wa Zanzibar" ni bahari. Humo mna Bongo Fleva, kasida, rusha roho, beni, na kila mtu atavutia kwake. Andika kwenye maelezo ya kundi sentensi mbili: tunasikiliza nini na hatusikilizi nini. Langu linasema taarab asilia, ile ya udi, ganuni, fidla, nai na akodiani, pamoja na kidumbak. Taarab ya vinanda vya umeme ina wenyewe na ina makundi yake. Hatuitukani, ila hatuijadili humo.

Watu watalalamika kwamba unabagua. Waache walalamike wiki mbili. Uwanja mdogo unamfanya mtu ajue kwamba akisema "makamu ya hijazi", moja ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kuna mwenziwe atakayemwelewa, na hapo ndipo anapothubutu kusema.

Tatu: watu kumi wa mwanzo, mmoja mmoja

WhatsApp inaruhusu zaidi ya watu elfu moja kwenye kundi moja. Usishawishike. Anza na kumi, na kila mmoja mpigie simu au mfuate alipo. Linki iliyotupwa kwenye stetasi huleta wapita njia. Mimi nilitafuta watu wa namna hii: mwenye kanda za zamani ndani ya kabati; mpigaji aliyestaafu; mtunga mashairi; bibi aliyehudhuria arusi nyingi kuliko tunavyoweza kuzihesabu; kijana anayejifunza ala; mwalimu wa Kiswahili; na Mzanzibari aliyeko Muscat au London, kwa sababu aliye mbali hukumbuka kwa uchungu na huandika marefu. Changanya wapenzi wa vikundi viwili vikongwe vya mjini, wa Malindi (ndio Ikhwani Safaa) na wa Culture. Ukichukua upande mmoja tu mtakaa mkipongezana, na mazungumzo ya kupongezana hayafiki wiki ya tatu.

Mwombe kila mmoja jambo moja mahususi. Usimwambie "karibu kundini". Mwambie: "Ami, nataka kila Alkhamisi uniambie neno moja tu juu ya fidla." Mzee akipewa cheo huja.

Nne: wimbo mmoja kwa wiki

Mmoja tu. Taarab asilia si muziki wa dakika tatu. Wimbo unaweza kwenda dakika kumi au kumi na tano, tena baada ya bashrafu, muziki wa ala tupu wa kufungulia. Ukituma nyimbo tano kwa siku hakuna atakayesikiliza hata mmoja mpaka mwisho, na asiyesikiliza hana la kusema isipokuwa Mashaallah.

Kuna hesabu ya bando pia. Sauti ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika kumi ni kama megabaiti kumi. Video ya wimbo huohuo itakula mara kadhaa ya hapo. Mtu wa Micheweni anayenunua bando la siku atachagua. Waandikie mapema urefu wa wimbo, na kama hawana nafasi ya kuusikiliza wote, sikilizeni kutoka dakika fulani mpaka fulani.

Na faili usilifowadi ovyo. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, na ofisi yake, COSOZA. Kama wimbo umewekwa na wenyewe YouTube au kwenye maduka ya muziki, tuma linki ili msikilizaji ahesabiwe kwao. Kanda ya nyumbani isiyopatikana popote ina mambo mengine: waulize kwanza waliopiga au warithi wao, na wakikataa, basi. Rekodi zinazopatikana kihalali zinatosha kuanzia: mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa ulianza na diski ya miaka mia moja ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, na humo pekee mtapata kazi ya miezi kadhaa.

Tuma Alkhamisi usiku, siku ambayo watu wanajua kesho ni Ijumaa na akili imeshaanza kupumzika. Ubandike ujumbe juu ya kundi ili usizame. Swali lije Ijumaa jioni. Wape siku nzima ya kusikiliza kabla hujawauliza. Ukituma wimbo na swali pamoja watajibu swali bila kuusikia wimbo, na utawajua.

Tano: swali lenye mpini

Hapa ndipo kazi yote ilipo.

"Mnauonaje wimbo huu?" ni swali lisilo mpini, mtu hajui alishike wapi. Jibu lake ni "mzuri". Swali zuri humwonesha msikilizaji mahali pa kutia sikio, kisha linamwachia yeye ahukumu. Haya nimeyatumia na yamejibiwa:

Katika ubeti wa pili, fidla inamjibu mwimbaji au inamfunika? Waitikiaji wanaingia pamoja, au kuna mmoja anayetangulia? Ukiondoa bashrafu ya mwanzo, wimbo unapungukiwa nini? Mtunzi amelipata vipi lile kina la mwisho: limekuja lenyewe au amelivuta kwa kamba? Hili neno la ubeti wa kwanza, kwenu Pemba mnalitumia kwa maana hiyohiyo? (Hilo la mwisho lilitupa siku nne za ubishi na kicheko, na ndani yake nilijifunza maneno ambayo sikuwahi kuyasikia mjini.)

Utaona kila swali linagusa kitu kimoja: ala, sauti, shairi, au lugha. Yazungushe. Wiki ya shairi, washairi na walimu watasema; wiki ya ala, wapigaji; wiki ya lugha, kila mtu. Ukiuliza juu ya ala kila wiki utabaki na wapigaji watatu wakirushiana istilahi na wengine wakitazama.

Istilahi zenyewe zifundishe kidogo kidogo, na kila moja ndani ya wimbo wake. Usitume orodha. Siku wimbo una mashairi ya mishororo mitatu, kila mshororo mizani (yaani silabi) nane kwa nane, hesabuni pamoja kwa vidole. Asiyejua mizani atazijua siku hiyo na hatozisahau. Siku ganuni inasikika vizuri, eleza kwamba ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa sauti moja, na kwamba ule mguno ulio katikati ya sauti mbili za kinanda, robo ya sauti, ndio unaowafanya wazee waseme kinanda cha kawaida "hakisemi". Baada ya hapo mtu akiandika "hapa kinanda hakisemi", ameshahakiki.

Kidumbak kinataka maswali yake. Hakisikilizwi kwa kukaa. Ni muziki wa kucheza, wa arusini, na nyimbo zake huunganishwa moja kwa nyengine bila kituo huku mwendo ukizidi. Kwa hiyo usiulize juu ya wimbo, uliza juu ya maungio: amevuka vipi kutoka wimbo ule kuja huu? Vidumbak viwili, zile ngoma ndogo, vinagawana kazi namna gani? Sanduku, ile besi ya uzi iliyotengenezwa kwa kasha, liko wapi wakati fidla inapanda? Na mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, je, umetulia au unakimbia? Wengi wetu tumecheza kidumbak miaka mingi bila kulisikiliza sanduku hata siku moja. Waambie walisikilize wiki hii. Watakuja na habari.

Sita: voisi ni maandishi ambayo hayajaandikwa

Usimlazimishe mtu kuandika. Wajuzi wetu wengi ni wa mdomo, na herufi ndogo za simu zinawachosha macho. Ruhusu voisi, lakini zisizidi dakika mbili. Voisi ya dakika tisa hakuna atakayeisikiliza isipokuwa wewe.

Kisha fanya kazi ambayo hakuna atakayekushukuru: ziandike. Keti, sikiliza, andika neno kwa neno, ondoa kukohoa na "sijui nini", acha lahaja ilivyo. Mmakunduchi aliyesema kwa Kimakunduchi asigeuzwe kuwa mtangazaji wa taarifa ya habari. Mrudishie asome au asomewe na mjukuu, akubali, ndipo uweke kundini kwa jina alilolichagua mwenyewe. Bibi mmoja aliposomewa maneno yake aliniambia, "Mwanangu, hayo nimesema mie? Kumbe najua." Toka siku hiyo hajanyamaza.

Saba: kutoka neno la baraza hadi kipande kamili

Baada ya mwezi mmoja au miwili utawaona wawili watatu ambao majibu yao yanarefuka. Hao waite pembeni, uwaombe kipande cha maneno mia moja na hamsini. Waambie mambo manne tu: ulisikia wapi na lini; kitu kimoja kilichokushika; kitu kimoja kilichokukera; na nani unadhani atakipenda. Hakuna nyota tano, hakuna alama kati ya kumi. Alama humaliza mazungumzo. Mtu akiona saba haulizi kwa nini, huuliza kwa nini si nane.

Huu hapa mfano, nimeutunga mwenyewe ili uone ukubwa wake:

*Kidumbak cha arusi, Jang'ombe, Jumamosi usiku. Walianza kwa kusuasua, mwimbaji alikuwa anatafuta ukumbi na ukumbi unamtafuta yeye. Palipogeuka ni pale mpiga sanduku alipoacha kufuata vidumbak akaanza kuvitangulia. Nilimwona shangazi wa bibi arusi anavua viatu. Mavukio ya nyimbo mbili za kwanza yalikuwa safi, la tatu lilikuwa kama gari kugonga jiwe. Kilichonikera ni spika: fidla ilikuwa inalia juu kabisa na mkwasa haukusikika hata kidogo, na kidumbak bila mkwasa ni chai bila sukari. Anayependa kucheza awaalike. Anayependa kusikiliza maneno angoje mpaka watengeneze vyombo.*

Hakuna jina la mtu humo na hakuna tusi, lakini kikundi chenyewe kikisoma kitajua pa kurekebisha. Ukihariri vipande vya wenzako, gusa tarehe na majina. Mdundo wa maneno yao uuache.

Nane: mafumbo, na picha za arusini

Taarab imejengwa kwa fumbo, na fumbo huomba kufumbuliwa. Siku ya kwanza mtu atauliza, "Huu alipigiwa nani?" Hapo ndipo kundi linapoweza kuvunjika, maana aliyepigiwa ana watoto, na pengine mmoja wao yumo humo kundini. Kanuni yangu ni moja na haina rufaa: tunafumbua maneno, hatufumbui watu. Jadili vipi "ua" limekuwa mtu, vipi "jahazi" limekuwa ndoa; usitaje nyumba ya nani. Anayekiuka anaonywa pembeni mara moja kwa heshima, mara ya pili anatolewa bila hotuba.

Jengine zito zaidi ni video. Wanawake kwenye taarab ya arusi wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza mbele ya wanawake wenzao. Mtu akirekodi muziki mzuri akautuma, ametuma na wake za watu. Kundi langu halipokei video ya arusi kabisa, sauti tu. Hata hivyo sikiliza kwanza kabla hujaipitisha, kwani maikrofoni ya simu hunasa na mazungumzo ya waliokaa karibu.

Ubishi wa wa Malindi na wa Culture uache uwepo, una utamu wake. Ukiona unapanda, uliza swali la ala. Watu hawawezi kutukanana huku wanahesabu nyuzi.

Tisa: majina na tarehe

Kosa likishaandikwa mtandaoni huzaa. Mtu ataandika umri wa mwimbaji Bi Kidude kwa uhakika wa karani, wakati hakuna cheti. Tarehe isiyo na ubishi ni ya kufariki kwake, 17 Aprili 2013. Mwengine atamchanganya mwimbaji na mtunzi, na hili ndilo kosa kubwa la wapenzi wa taarab, kwa sababu sauti hukumbukwa na mshairi husahaulika. Weka desturi: kila wimbo wa wiki utajwe mwimbaji, mtunzi wa shairi, mtia muziki, na kikundi, na pasipojulikana paandikwe "tunatafuta". Neno hilo moja limeniletea majibu kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kusema lolote.

Anayeleta historia aseme ameipata wapi. Kwamba mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 ni jambo lililoandikwa. "Babu alinihadithia" nayo inakubalika, ilimradi babu atajwe.

Kumi: wenye muziki wenyewe

Waalike, lakini baada ya kundi kusimama. Mwimbaji akiwemo tangu siku ya kwanza hakuna atakayesema sauti ilichoka. Wakija, waje kama wageni wa wiki moja: wanajibu maswali, wanaeleza wimbo ulivyotungwa, wanaondoka na heshima zao. Na asiwepo anayelipwa ili asifu. Tuzo hutolewa mbele ya watu. Ikitolewa nyuma ya pazia ina jina jengine.

Halafu: yasizame

Maneno ya WhatsApp ni maji ya mvua, yasipokingwa yanapotea. Kila mwisho wa mwezi toa mazungumzo yote kama faili la maandishi bila midia, uchague yaliyo bora, uombe ruhusa ya kila mwenye neno, na uyaweke mahali pa wazi ambapo mtu wa Mombasa au Tanga anayetafuta atayakuta. Andika tahajia zote ambazo watu hutafutia: taarab na taarabu, Ikhwani Safaa na Akhwan Safaa, Culture na Mila na Utamaduni. Weka nakala mbili, moja nje ya simu. Simu ya sokoni Darajani haina dhamana.

Ramadhani kundi litalala, na liache lilale. Watu wameweka muziki pembeni, na ukituma wimbo utaonekana huna adabu. Huo ndio mwezi wako wa kuandika voisi zilizobaki na kupanga maswali ya miezi inayokuja. Vikundi vitarudi jukwaani sikukuu, na watakaokwenda watarudi na mengi. Kwa hiyo usiku wa Idd pili uwe macho, simu imejaa chaji, na uandike kundini: nani alikuwepo jana, na ungemtunza wapi?